Maji ya Kupoza

Harufu ya kahawa mbichi ikichemka pamoja na majani ya mujaja ndiyo harufu ya kiangazi cha kwetu Chonyonyo. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akiandaa kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari, na chungu chake hakikuwa na ruhusa ya kushuka mafigani. Nyumbani kila kitu kilichemshwa: ndizi, maharage, maziwa, mizizi ya dawa. Kila kitu isipokuwa maji ya kunywa. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alituagiza tuyachemshe, nami nikarudi nyumbani mbio kumwambia Bibi. Alicheka mpaka akakohoa. "Maji nayo yanapikwa? Yakishaiva yaliwe na nini?" Kisha akanikumbusha kwamba maji ya moto hayachomi nyumba, sembuse hao wadudu wangu wa shule wasioonekana.

Kiangazi hichohicho mdogo wangu Editha akaanza kuhara. Bibi, aliyempenda kuliko sisi wote, aliishusha kahawa yake akainjika dawa. Aliichemsha tangu asubuhi hadi jua likasimama utosini, akichochea kuni, akiitikia shikamoo za wapita njia bila kugeuza shingo. Nilifurahi. Niliona mwalimu ameshinda. Lakini dawa ilipomiminwa kikombeni ilikuwa ya moto mno, na mtoto analia kiu. Bibi akachota maji ya kisima mtungini, akaongeza mpaka kikombe kikapoa.

"Bibi, hayo hayajachemshwa!"

"Ala! Mtoto wa shule wewe, unataka nimchome mwenzio ulimi? Dawa imechemka, huoni mvuke?"

Alimnywesha hivyo siku zote za ugonjwa, kwa mkono wa upendo, akimwimbia. Editha tukamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sijui kama ni maji yale. Hakuna aliyepima. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hata wa kumlaumu sina.

Siku hizi baadhi yetu tunapikia gesi, na wataalamu huja kutuhimiza tuchemshe maji, tunawapigia makofi, wanaondoka. Na kweli tunachemsha. Halafu jirani yangu, mama aliyesoma kuliko mimi, anapoza uji wa mtoto kwa maji ya bomba, na nikimwambia ananijibu, "Mama Koku nawe! Si nimeuchemsha lakini?" Nimesema mpaka nimechoka. Kuchemsha tulifundishwa, kungoja hakuna aliyetufundisha, na kungoja ni nusu ya kazi. Kwangu maji yakishachemka nayafunika, yanapoa yenyewe, kwa muda wake. Mwanangu wa mwisho hunivuta gauni akilia kiu, na jirani husema nina roho ngumu. Namwacha alie.