Kopo la Majani ya Baba

Enzi zetu pale Mashimoni, chai haikuwa mambo ya kutumbukiza kijikaratasi na kukitoa maji hayajabadilika rangi, kama wanavyofanya watoto wangu hapa Kawangware. Chai ilichemka! Ilikaa jikoni mpaka nyumba nzima inukie, nasi tumekodoa macho, vikombe vya bati mkononi. Ukilalamika, Mama anakukata: "Wewe, haraka ya nini? Kwani unaenda wapi?"

Baba alikuwa Kericho, akichuma majani chai. Safari moja alileta kopo la majani mazuri kabisa, akamwambia Mama, "Hii tutakunywa siku nikirudi kukaa." Mama akalifunga kwa nailoni, akaliweka juu ya kabati mbali na moshi. Alisema majani mazuri yakikaa, ukali unapoa na utamu unabaki. Alingoja miaka sita.

Mimi sikungoja. Nilikuwa na miaka kumi, na ile harufu ilinimaliza. Mama akienda kufulia watu nguo, nachota kijiko, nachemsha, nakunywa haraka haraka hata utamu siusikii. Ili kopo lisipungue, nilianika makapi ya chai juu ya bati, yakikauka nayarudisha ndani. Nikajiona mjanja kweli. Mwisho halikubaki jani la Baba hata moja.

Baba akarudi, amekonda, anakohoa. Mama alijifunga leso mpya, akafungua kopo mbele ya majirani kwa furaha. Maji yakachemka, yakachemka tena. Rangi haikuja. Baba alionja, akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo hukuningoja."

Mama aliapa, akalia. Mimi nilisimama mlangoni kimya. Woga tu, basi. Baba alikufa mwaka huo huo akiamini hivyo, na Mama naye nikamzika bila kumwambia.

Siku hizi nina kopo langu. Jumapili nililifungua baada ya miaka saba. Chai ilikuwa laini, tamu hata bila sukari. Mama alisema kweli, jamani. Binti yangu akachungulia sufuria: "Mathe, hii si imeharibika kitambo? Na mbona inachukua muda hivi?"

Nilitaka kumcheka, watoto wa siku hizi hawana subira. Lakini nikammiminia kikombe tu. Mama alingoja miaka sita, na aliyemharibia alikuwa mtoto wa enzi zetu.