Régine Aingia Msituni

Tangu afike Brussels, Régine hakuwahi kuwaelewa watu wanaotembea bila kwenda popote. Kwao Bukavu mtu hutembea kwa sababu kuna mahali anakwenda, au kuna kitu anachokikimbia. Hawa wa hapa hulipa treni, wakashuka kwenye baridi, wakazunguka, wakarudi walikotoka, kisha wakasema wamepumzika. Kupumzika kwake yeye, baada ya wiki nzima ya kuwaogesha wazee katika makao yao kule Jette, ni kuvua viatu.

Lakini mwanawe wa pekee, Noé, alikuwa karibu kuwa baba, naye alimwomba siku moja tu. Basi Jumamosi moja ya Januari wakapanda treni mpaka baharini. Njiani kijana akatoa lililomleta: mtoto wake akizaliwa, angependa kumweleza baba yake alizaliwa wapi. Tangu utotoni jibu la mama lilikuwa neno moja, "njiani", halafu mazungumzo yakageuzwa. Régine akasema watazungumza wakifika. Walipofika, akataka kwanza wale gofri, zile keki za moto zenye vishimo. Walipokwisha kula, akalalamika kwamba upepo unamwingia mdomoni. Anayekwepa hakosi sababu.

Upepo wenyewe haukuwa na utani. Uliwatupia mchanga machoni hadi Noé akashauri warudi kituoni kwa njia ya msituni, nyuma ya vilima vya mchanga. Régine akasimama penye mti wa kwanza. Kwa miaka karibu thelathini hakuwa ameingia msituni. Hata wenzake wa kanisani wakienda mandari chini ya miti, yeye husingizia magoti. Noé aliuona uso wake, akasema wanaweza kupanda tramu.

"Non, tuingie," akasema Régine. "Nikitoka hapa leo, sitakuambia tena."

Wakaingia, na upepo ukakatika. Alisimulia polepole, macho yakiwa njiani. Vita ilipoingia mjini walikimbilia msituni, umati wa watu. Uchungu ukamshika humo, wenzake wakamwacha, maana risasi hazingoji mtu. Mwanamke asiyemjua, mwenye watoto wake wadogo, akageuka akarudi. Akamzalisha, akavua kitenge chake cha pekee akamfunga mtoto, akaendelea na safari kwa shimizi.

"Jina yake sikujua," Régine akasema. "Hata aksanti sikumuambia. Nilikuwa nalia tu."

Noé akasimama. Régine akamtazama jinsi alivyo mrefu, na kofia yake ya sufu, mtu mzima anayengoja mtoto wake. Shukrani ikamjaa kifuani hata ikamuuma. Kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa sauti ya kutikisa viti, lakini hakuwahi kumtaja yule mwanamke.

"Alors, maman," Noé akasema, "umuambie sasa."

 Régine akamshika mwanawe mkono, akamvuta mbele yake, kama anavyopelekwa mtoto kwa mgeni aje asalimie.

"Aksanti, mama," akaiambia ile miti. "Mutoto ule ni huyu. Aliishi."