Wimbo wa Kumtoa Leokadia

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: maziwa ya mgando, moshi wa kuni mbichi, na majani ya migomba yaliyokuwa yanakatwa nyuma ya nyumba. Ndiyo siku niliyonyang'anywa kibuyu mikononi, mimi msichana mkubwa wa kuolewa, kama mtoto aliyeshika kisu. Aliyeninyang'anya ni shangazi yangu Verediana, dada yake baba, mwanamke mfupi wa sauti ya chini ambaye kama hukumsikia mara ya kwanza, basi umekosa. Ngoja nikae vizuri kwanza. Habari hii nikiisimulia siwezi kutulia, nainuka nainuka, na goti langu hili halipendi mtu mwenye furaha.

Nakusimulia wewe uliyekuja juzi, ukanipa shikamoo yako vizuri, halafu ukakaa na simu mkononi. Ulisema zamani nyimbo zilikuwa zinakujia zenyewe, na sasa unafungua simu urekodi, unaishia kuitazama tu. Ukasema labda kipaji kimekwisha. Nilitaka kucheka, wala si kwa dharau. Nimewahi kukaa hapo hapo ulipokaa, mwanangu, na najua mlango wa kutokea uko wapi.

Huku kwetu Ntobeye, enzi za usichana wangu, kwaya yetu ilikuwa na desturi moja. Msichana wa kwaya akiolewa hatoki nyumbani kwao kwa wimbo wa mtu mwingine. Anatungiwa wake mpya, unaanza kuimbwa anapotokeza mlangoni na unaishia mikononi mwa watu waliokuja kumchukua. Mtunzi nilikuwa mimi. Nilitunga nikichambua maharage, nilitunga nikiwa kwenye foleni ya maji, na wasichana wenzangu walikuwa wananitania kwamba wanaolewa ili mimi nipate kazi.

Halafu akaposwa Leokadia, dada yangu. Mchumba alitoka Bisibo, kule Biharamulo, kijana mpole mwenye shamba zuri la mahindi. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionipokea ulikuwa wa Leokadia, naye mwenyewe mtoto. Yeye ndiye aliyeninyoa nywele, aliyenipeleka shule, na makofi pia alinipiga, usidhani nilikuwa malaika. Siku mahari ilipokubaliwa aliniita kando akasema: "Wewe usininunulie sufuria wala kitenge. Nitungie wimbo wangu."

Nikamwambia hilo tu? Utaupata wiki hii.

Basi kuanzia hapo kichwa kikafunga. Kila mstari niliouanza ulikuwa mstari niliowahi kumwimbia msichana mwingine. Niliacha kula vizuri, nilijifungia chumbani mchana kweupe, nikitoka nagombana na kuku. Nilisali huku nimeuma meno. Siku moja nilijaribu kuiba sauti niliyoisikia redioni, nikaipeleka mazoezini kwa uso mkavu, na wanaume wa sauti ya nne wakaimalizia kabla sijafika kwenye kiitikio. Walicheka mpaka mpiga ngoma akalala chini. Mimi nikarudi nyumbani nikilia.

Na siku hazikuwa zinanisubiri. Ndizi za pombe ya harusi zilikuwa zimeshafukiwa shimoni, na ndizi zikishafukiwa huwezi kuziomba zichelewe kuiva. Mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba kama mazoezi ya mwisho yatafika bila wimbo, tutaazima wa kigango cha jirani. Hilo ningeweza kulivumilia. Kilichonivunja ni kwamba jioni moja nilipita nyuma ya jiko nikamsikia Leokadia akijifundisha huo wimbo wa jirani, taratibu, peke yake. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anajiandaa kutoka na wimbo wa kuazima ili mimi nisiaibike, na huruma yake hiyo iliniuma kuliko makofi yote.

Kesho yake ndipo shangazi Verediana akaja kusaidia kazi za harusi. Aliniona nilivyokonda. Alinipa kibuyu cha maziwa akaniambia nisuke, siagi inahitajika. Kazi hiyo unaijua, au kama huijui nikueleze: unakaa mkekani umenyoosha miguu, kibuyu unakilaza juu ya ngata ya majani, unakisukuma na kukivuta, kinakwenda na kurudi, mpaka siagi ijikusanye yenyewe ndani. Mimi nikakitikisa kama nafukuza mwizi. Nilitikisa mpaka jasho likanitoka, na ndani maziwa yalikuwa maziwa tu.

Hapo ndipo akakichukua. "Nipe," alisema. "Maziwa hayajakukosea."

Akakiweka kando, akashika mikono yangu yote miwili akaigeuza viganja juu. Tulikuwa juani, mwanangu, jua la mchana, na viganja vyangu vilikuwa vya baridi kama nimetoka mtoni. Akaniuliza nimeacha lini kupumua. Nikamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba napumua, la sivyo angekuwa anaongea na maiti.

"Huko ni kuhema kwa mtu anayefukuzwa," akasema. "Nani anakufukuza?"

Nikalia tena, safari hii kilio cha kweli, kile kinachoanzia tumboni, na yeye akaniacha nilie huku akiangalia migomba. Nilipomaliza akaniambia maneno ambayo hadi leo sijayapunguza wala kuyaongeza. "Wimbo hujaupoteza. Umejipoteza wewe, umehamia kwenye siku ambayo haijafika, unasimama pale mlangoni na aibu yako. Rudi kwanza. Ukirudi, tutauliza habari za wimbo."

Akanifundisha kurudi. Alinikalisha mkekani, mgongo umenyooka bila kukakamaa, nikafumba macho. Akaniambia nisugue viganja mpaka vipate moto, niviweke machoni, halafu kooni, halafu kifuani, halafu tumboni, na kila mahali nikae mpaka joto liingie. Nivute pumzi mpaka tumbo lisukume mkono, niiachie bila kuisukuma. Mawazo yakija nisipigane nayo, niyaone, niyaache yapite. Kila nilipoharakisha alisema kwa Kihangaza chetu, "Buhoro, buhoro," na nikasikia mwili unapunguza mwendo, kidogo kidogo. Mwanzoni nilisikia nzi tu, na njaa. Kisha nikasikia kitu kinatambaa kutoka begani mpaka kwenye ncha za vidole, kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Nikafumbua macho nikamwambia kwa hofu. Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

"Hilo ni joto lako mwenyewe," alisema. "Mungu alikupa la kutosha. Wewe ulikuwa unalimwaga kwa kugombana na kichwa chako."

Halafu akanipaka samli miguuni na mabegani, akanikanda mpaka nikasinzia mchana, akaniamsha nile. Kula, kuoga, kulala, kukandwa: aliyahesabu yote kuwa ni kazi ya mtunzi. Mimi nilikuwa nimeyaona ni uvivu. Akanipiga marufuku kutafuta wimbo mpaka atakaponiruhusu, na kila asubuhi, kabla sijashika jembe wala ndoo, nikawa nakaa naye mkekani.

Unajua watu. Habari zikafika kwa mwalimu wa kwaya kwamba nakaa nimefumba macho na mikono tumboni, akaja kumuuliza shangazi kama nimepelekwa kwa mganga. Shangazi akamjibu kwamba binti anaanza na ishara ya msalaba na anamaliza na ishara ya msalaba, na hapo katikati anapumua, na kama kupumua ni uganga basi na yeye mwalimu ni mganga mkubwa. Mwalimu akaomba maji ya kunywa akaondoka.

Sasa sikiliza. Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, napanda kutoka kisimani na ndoo kichwani. Siwazi wimbo. Nasikiliza pumzi yangu inavyokwenda na mguu, na kilima kile kinavyonipokea, na kwa mara ya kwanza tangu mahari ikubaliwe nikamfikiria Leokadia bila kujifikiria mimi. Nikauona mgongo wake. Nikakumbuka nilivyokuwa nakataa kushuka hata nilipokuwa na miguu mizima ya kutembea, na yeye ananibeba tu. Na kinywa changu, mwanangu, kikafunguka chenyewe: *Nishushe, dada, nishushe.*

Nilisimama katikati ya njia. Ukaja mstari wa pili, wa tatu, na sauti yake na kiitikio chake, vyote vimevaa tayari. Niliimba kwa nguvu, maji yananimwagikia usoni, nacheka peke yangu, na mzee mmoja aliyekuwa anapeleka ng'ombe malishoni akawasogeza pembeni ng'ombe wake ili nipite. Kwa Kiswahili maneno yake ni kama hivi:

*Nishushe, dada, nishushe,*
*umenibeba nimekua.*
*Nishushe uende mikono mitupu,*
*kuna mengine ya kupokea.*

Ni hayo tu. Niliyatafuta kwa meno yakakimbia, na sasa yalinikuta njiani nimelowa. Furaha niliyoisikia asubuhi ile sijaipata tena hata nilipojifungua, na watoto wangu wakisikia hivyo watanisamehe.

Siku ya harusi Leokadia alikuwa ndani, akidhani tutaimba wa kuazima. Nilikuwa nimewafundisha wanakwaya wimbo mpya na kuwaomba wote wasimwambie, na ajabu yake wakaitunza siri, hata wale wa sauti ya nne. Alipotokeza mlangoni nikasugua viganja, nikavuta pumzi mpaka chini, nikaanzisha. Akasimama. Kiitikio kilipopokelewa alifunika uso, na mguu ukakataa kwenda mbele. Gari la Bisibo linapiga honi, wakwe wanatazamana, baba anakohoa, na bibi harusi anasema turudie kuanzia mwanzo. Tukarudia. Akasema tena. Ilipofika mara ya tatu akaja moja kwa moja kwangu mimi, akageuka, akainama kidogo na kunipa mgongo mbele ya watu wote, jinsi alivyokuwa ananiita nipande nikiwa mdogo. Nikauegemea mgongo ule kidogo tu, nikamshika mabega, nikamgeuza taratibu kuelekea kwa watu wake. Akaenda. Hakugeuka nyuma, na mimi sikutaka ageuke.

Miaka imepita, nywele zimekuwa hizi unazoziona. Mwaka jana nilikuwa safarini kwenda Kahama kumwona mwanangu, basi letu likasimama Nyakanazi abiria wapate kula. Nimeshika muhindi wangu wa kuchoma nasikia wasichana wanaimba kwenye gari dogo lililofungwa vitambaa vya harusi, wanasubiri mafuta. Nikasogea. Nishushe, mama, nishushe. Nikamuuliza mmoja wanatoka wapi, akasema Bisibo. Nikamuuliza wimbo ni wa nani. Akaniangalia akaona bibi kizee wa watu hajui kitu, akanieleza kwa upole kwamba wimbo huo ni wa kwao, kila msichana anayeolewa hutolewa nao, umekuwepo siku zote. Nikamwambia kwamba nadhani mahali pale si mama, ni dada. Akasema hapana, bibi, wewe umesikia vibaya.

Nilikubali kwamba nimesikia vibaya. Nikaimba nao mpaka dereva wa basi akanifuata, muhindi wangu sijui hata niliuacha wapi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukikwama, usijipige. Acha kukifukuza kitu unachokitaka, rudi kwenye mwili wako, maana kimo humo humo. Kaa chini kila asubuhi kabla simu haijakuita. Pasha viganja moto, viweke palipobana, pumua mpaka tumbo lisikie. Kula chakula chako, lala usingizi wako, omba mtu akukande mabega bila kuona haya. Siahidi kwamba ukifumba macho wimbo utadondoka. Asubuhi nyingine utapata utulivu tu, uchukue huo huo, unatosha siku hiyo. Na kama giza ni zito kuliko kukwama, usikae nalo peke yako, njoo useme, au tutakwenda wote hospitali. Lakini kila unapotunga, mfikirie unayemtungia kuliko unavyojifikiria wewe. Hapo ndipo mimi nilipofunguliwa.

Mungu aliyekupa pumzi ya kwanza bila wewe kuiomba akulindie zinazofuata. Viganja vyako visipoe, usingizi wako uwe mtamu, na kazi yako ifike mbali hata waimbao wasijue jina lako, na ukiwakuta njiani wamebadilisha neno, Mungu akupe moyo wa kuimba nao hivyo hivyo. Haya, zima hiyo simu. Nyosha mgongo, fumba macho, tuanze.