Siku Mama Chérie Alipotakiwa Awe Tajiri

Jeanine wa Butembo, Kongo, Mama Chérie, anauza vitenge hapa soko la Bwera, mpakani Uganda, meza yake imepakana na yangu ya nyanya. Kwa jinsi anavyolia umaskini, mimi Birungi nimemgawia nyanya za bure mpaka nikajisahau. Msibani hachangi, harusini hachangi. "Mutu alikimbia vita iko na nini?" Nasi tunamwonea huruma.

Mwaka huu binti yake Chérie akapata nafasi chuo kikuu Ubelgiji. Chuo kikataka mzazi athibitishe kwamba anaweza kumlipia: karatasi ya benki, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Zisipofika Ijumaa, nafasi anapewa mwingine.

Mama Chérie akamfuata mwenyekiti Byaruhanga na karatasi ya benki mkononi, akaomba barua. Mwenyekiti akacheka mbavu zikamuuma. Karatasi ya benki? Akasema vijana wa Kasese wanachapa za bandia namna hiyo kutwa. Hata hivyo akaja sokoni kutuuliza, na sisi, kwa upendo wetu wa kipumbavu, tukamtetea mwenzetu: huyu mama hana kitu, asisumbuliwe. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote.

Mama Chérie akapanda juu ya meza. "Niko na pesa! Miye niko tajiri!"

Blandine wa samaki akafuta machozi, akatandaza kitenge chini na kuanza kukusanya mchango wa matibabu ya akili. Watu walitoa.

Alhamisi Mama Chérie akatukokota mimi, mwenyekiti na Chérie mpaka benki, Kasese. Askari wa mlangoni akampigia saluti. Meneja akatoka mwenyewe, akaagiza chai, akamwuliza kama leo pia anaweka dola. Byaruhanga akaomba kalamu bila kuambiwa.

Hasira ilinipanda, sikuificha. "Mama Chérie, wewe ni mwizi wa huruma."

 Yeye alikuwa anamtazama binti yake.

"Mama," Chérie akasema, "ule mwaka nilikuwa nakwenda masomo na ndala ya kufunga na waya, hii pesa ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa."

"Na ulikuwa unaniona?"

"Kila asubuhi. Nilikuwa nakuangalia mpaka unapotea kwa kona, nalia, halafu nakuja hapa kuweka ingine."