Tone Moja kwa Kila Skrubu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimwambia mteja kifua mbele: "Mzee, hizi skrubu hazitalegea tena mpaka wajukuu zako wazeeke."

Mteja mwenyewe alikuwa Mzee Jayanti, muuza vitambaa wa Mchafukoge. Alikuwa na bunduki ya upepo aliyoachiwa na marehemu baba yake, ya kufukuzia kunguru juu ya ghorofa lao. Kila akipiga mara kumi, mtikisiko ulilegeza skrubu mbili zinazoshika mbao ya kitako, na shabaha ikapotea. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu katika karakana ya Fundi Bakari, Kariakoo, tulikotengeneza cherehani na mizani.

Dawa ya tatizo lile ni gundi ya skrubu, ile ya maji inayopakwa kwenye meno ya skrubu na kukaukia humo. Iko ya buluu, inayoachia kwa bisibisi, na nyekundu, isiyoachia bila joto. Nilichukua nyekundu kwa sababu ilisifiwa kuwa kali. Nikaimimina. Karatasi ya maelezo niliitupa.

Miezi michache baadaye springi ya ndani ilichoka, ikabidi bunduki ifunguliwe. Skrubu ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ikagoma. Nikakaza mkono, bisibisi ikateleza, kichwa kikalika hadi kikawa laini kama kifungo.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia Mzee Jayanti alipoingia.

"Marahaba. Imefunguka?"

"Bado."

Mzee Jayanti aliigeuza bunduki mkononi. "Kama hakuna njia, kata mbao. Lakini ujue, baba alikuwa analaza shavu lake hapo."

Alipoondoka, Fundi Bakari alinicheka bila huruma. "Hongera, injinia! Umemfungia nje fundi atakayekuja. Na fundi mwenyewe ni wewe."

Sikuikata. Nilikwenda dukani nilikonunua gundi, nikaomba ile karatasi, nikaisoma kwa kamusi neno kwa neno. Nikachonga mfereji mpya kwenye kichwa cha skrubu kwa tupa nyembamba. Nikafunika mbao kwa kitambaa kibichi, nikagusisha chuma cha kulehemia redio juu ya skrubu, nikangoja joto lipenye taratibu hadi kwenye meno. Nikajaribu, ikakataa. Nikarudia. Mara ya nne ikazunguka, na mbao haikuwa na hata alama.

Mzee Jayanti alikuja, akaichukua bunduki. Alilaza shavu lake pale, akafumba macho. Mpaka leo, mwanangu, sijapata malipo yanayofikia yale, na bunduki ile bado huletwa kwangu, si kwa mwingine.

Kwa hiyo shika haya. Futa mafuta kwanza, maana gundi haishiki penye mafuta. Weka ya buluu, tone moja, kwenye meno tu, mbali na kifyatulio. Kaza kwa kiasi, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka skrubu hadi chuma ili skrubu ikilegea uone mstari umekatika, kisha uiache hadi kesho. Na kazi yoyote utakayofunga, ifunge ukimfikiria atakayeifungua.

Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na akujalie wateja wanaorudi.