Mikono Isiyo na Uso

Tulipoambiwa kwamba kila mtoto wa gredi ya tatu lazima awe na jalada la kidijitali, nilifurahi kwa muda wa chai ya saa nne. Jalada lenyewe ni rahisi kulieleza. Mtoto akifanya kazi, picha au video yake inawekwa kwenye faili lake ndani ya kishikwambi cha shule, na mwisho wa muhula mzazi anajionea mwanawe amejifunza nini. Kulijaza ndiyo kazi. Picha za nyumbani wanazipiga wazazi na kunitumia kwa simu, na wazazi wa Msambweni, Mungu awaweke, hawakubali mtoto wao ashindwe na wa jirani.

Nililetewa sanamu ya kutishia ndege shambani, imevaa koti na tai, na misumari yake imepigwa na fundi anayejua kazi. Nililetewa mtoto “anayefua” mbele ya nguo zilizokwisha kukauka. Nililetewa video ya chapati zinazosukumwa duara kamili, na mikono inayosukuma ina michoro ya piko hadi kwenye viwiko, na pete ya ndoa juu yake. Nikauliza kwenye grupu ya wazazi, “Huyu wa gredi ya tatu ameolewa lini, mbona sikualikwa?” Mtu mmoja akaweka tangazo la samaki.

Kati ya mafaili yote hayo, moja lilikuwa tupu. Mwenyewe alikuwa msichana mpole aliyeishi na bibi yake, kwa sababu mamake hufanya kazi hotelini huko Galu na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kila nilipoonyesha darasani picha za wenzake, alitazama, akapiga makofi, kisha akanifuata mlangoni. “Mwalimu, yangu itakuwa lini?” Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Kila jalada lingeonyeshwa ukutani kwa projekta, na yeye peke yake angekaa kutazama ya watu. Jambo hilo lilinikera, na mimi nikikerwa sikai.

Nilimkuta bibi yake barazani anashona mkeka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kunishtakia mtoto?”

“Nimekuja kwa ajili ya picha zake za shule.”

Akaiweka sindano chini. “Picha hapana. Huyu alipokuwa mchanga alikuwa kanenepa, kapendeza, kila apitaye anamsifu na hata mashaallah hasemi. Akaanguka homa, tukalala naye hospitali. Macho ya watu yana makali, mwalimu.”

“Ni picha za darasani tu, bibi.”

“Na hao wa darasani hawana macho?”

Akanionyesha simu yake. Kamera ameiziba kwa plasta ya kidonda. Nilitaka kucheka, lakini mimi ni mzaliwa wa Samburu, na kule kwetu mfugaji hapendi mgeni amhesabie mbuzi zake. Nisingeweza kujifanya sielewi.

Basi tukavutana kama watu wa sokoni. Mimi nikitaka uso, yeye hataki hata kivuli. Mwishowe akasema, “Mikono. Mikono na sauti. Uso hapana, jina hapana, na mtu asiambiwe ni nani. Nyinyi wa Samburu mnapiga picha hata mbuzi, najua.”

“Mbuzi wetu wanapendeza, bibi.”

Alicheka hadi leso ikamdondoka kichwani.

Mtoto akaitwa. Akakaa mkekani, akachukua miyaa, yale majani makavu ya mkoma, akaanza kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na simu mkononi, jogoo ananipita mbele kila anapotaka. “Ukivuta sana unakatika,” akaeleza, “ukilegeza unafanya kidirisha. Hapa nimekosea, ona. Sasa naufumua mpaka pale penye kosa, halafu naanza tena.” Na akaufumua kweli, bila haraka. Katika mafaili yote niliyokuwa nayo, hakuna mtoto mwingine aliyekuwa ameonyeshwa akikosea. Nilifurahi mno, nikasahau kwamba magoti yananiuma.

Siku ya wazazi bibi alikuja, akaketi safu ya nyuma kabisa. Majalada yakapita ukutani moja moja. Ilipofika ile ya chapati, mama mmoja alivuta mtandio na kuficha mikono yake, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha ikaja mikono midogo inayosuka ukili. Spika ilikuwa inakoroma, sauti za watoto wote zilifanana, lakini maneno yalisikika. Watu wakanyoosha shingo.

“Mikono ya nani hii?” akauliza mwalimu mkuu.

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeahidi. Mtoto naye alibana midomo.

“Ya wangu hiyo!” akasema mama wa safu ya mbele, akisimama. “Hata kucha zile nazijua.” Mwanawe akamgeukia kwa mshangao, kwani yule hata kamba za viatu namfungia mimi. Lakini watu walishaanza kumpa hongera. Nikamwona msichana wangu akiinamisha kichwa. Nilikuwa tayari kuivunja ahadi na lolote linifike.

Sikuwahi. Nyuma kulianguka kiti.

“Wee mama, kaa chini!” Bibi alikuwa amesimama. “Mikono hiyo ni ya mjukuu wangu! Nimemlea mimi, nimemfunza mimi, ndiye yule pale, mwenye mtandio mweupe. Simama, mwanangu, wakuone!”

Mtoto akasimama. Hapo ndipo bibi alipong'amua alichokifanya, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akanyanyua kidole. “Na kila mwenye macho humu ndani aseme mashaallah. Nataka kusikia.”

Wakasema. Mwalimu mkuu, mtu wa bara na mzee wa kanisa, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Yule mama wa mbele alisema kidogo kidogo. Mimi nilisema mara mbili, moja yangu na moja ya projekta. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya macho yote yale, anacheka, na hajui mikono yake aiweke wapi.

Nikagusa kishikwambi nimwendee mtoto anayefuata.

“Ngoja, mwalimu,” bibi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. “Irudishe tangu mwanzo. Mimi sijaiona. Muda wote nilikuwa natazama macho ya watu.”

Nikairudisha.