Mtumbwi wa Tarakimu Nane

Miaka ile chaki ilikuwa adimu kuliko sabuni, na sabuni yenyewe tuliisikia kwa majirani. Mimi, binti wa wakulima wa Butiama niliyefunzwa ualimu kijuujuu, nilikuwa mwalimu wa muda kisiwani Rukuba. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Musoma kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani kushika jembe. Jembe nililijua. Sikulitaka.

Tuliandikia mchangani, ufukweni. Kwa kuwa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wavuvi, niliwafundisha kujua namba inayogawanyika kwa kumi na moja bila kuigawanya. Kila tarakimu ifanye mpiga kasia: wa kwanza akae kushoto, wa pili kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Jumlisha kila upande. Pande zikilingana, mtumbwi unakwenda sawa na namba inagawanyika. Zikizidiana kumi na moja kamili, pia inagawanyika. Kanuni hiyo niliiokota kwenye kitabu kilichochanika, na sababu yake ilikuwa kwenye ukurasa uliopotea. Nilifundisha nisichokielewa, na kila siku niliogopa kitaniumbua.

Mkaguzi akafika, shati lina kiraka begani. Akaandika mchangani kwa fimbo: 73,485,621.

"Inagawanyika kwa kumi na moja?"

Akafungua daftari lake, akaanza kuigawanya mwenyewe. Hajafika katikati, msichana wa darasa la tano akasimama.

"Kushoto saba, nne, tano, mbili: kumi na nane. Kulia tatu, nane, sita, moja: kumi na nane. Inagawanyika."

Mkaguzi akamaliza yake. "Hapana. Inabaki moja."

Nikawa nawaza nitamwambia nini mama. Lakini yule msichana hakukaa.

"Samahani, mzee, rudia. Mtumbwi ukikaaga sawa, haibakigi kitu."

Nilitamani ziwa linimeze. Mkaguzi akarudia, kidole kikitambaa juu ya hesabu yake, kikasimama. Sabini na nne kutoa sitini na sita, alikuwa ameandika saba. Alicheka mpaka akakaa mchangani, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Kisha akaniuliza kwa nini inakuwa hivyo. Nikakiri sijui. Akanichorea: kumi ni kumi na moja kasoro moja, mia ni tisini na tisa na moja juu, elfu ni elfu moja na moja kasoro moja. "Nafasi moja inapungua, inayofuata inazidi. Ndizo pande zako mbili." Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Fomu yangu ya kuthibitishwa kazini aliisaini juu ya goti.

Alipokwisha kuondoka, msichana akanisogelea.

"Mwalimu, mbona ulikuwa unatetemeka? Ulikuwa huamini?"

"Nilikuwa siamini," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. "Sisi tulikuwaga tunaamini. Si ulisema wewe?"